Kila Mtu Alimponya Simba

Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni pale Simba, mbwa wetu, alipogoma kula. Katika nyumba yetu ya Kihonda, hapa Morogoro, hilo ni jambo la kuitishia kikao, maana Simba hakuwa amewahi kukataa ugali wa dona na dagaa, wala ukoko wa wali. Asubuhi ile alinusa sufuria yake, akaipa kisogo, akaenda kujilaza chini ya mwarobaini. Macho yalijaa tongotongo, masikio yalikuwa ya moto, na alipoitwa aliinua kichwa tu, akakirudisha chini. Dada wa kazi alirudi jikoni na sufuria imejaa vilevile. "Mama, Simba anaumwa," alisema, na kuanzia hapo kila mwenye mdomo ndani ya uzio akawa na dawa.

Wa kwanza alikuwa baba mkwe. Mzee huyu, ambaye watoto wanamwita Babu na sisi wakubwa tumefuata, alimaliza utumishi wake kwenye majosho ya ng'ombe upande wa Dodoma. Ndigana kali, ndigana baridi, maji moyo, kukojoa damu: magonjwa yote hayo ya kupe anayatambua kwa kumtazama ng'ombe anavyotembea. Alipiga magoti, akampapasa Simba matezi ya chini ya taya, akamchomoa kupe mmoja sikioni na kumtazama kwenye mwanga. "Huyu ndiye mwenye kesi," alisema. Akaagiza majani yote ya kuzunguka nyumba yafyekwe, na mwarobaini uchemshwe ili Simba aoshwe.

Jioni mume wangu alirudi kazini na wazo lake. Kulikuwa na amoksilini iliyobaki mtoto alipougua kifua. Akaificha kwenye kipande cha nyama, Simba akaimeza kwa shida. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyemlea Simba tangu akiwa kitoto cha mbwa, alichemsha supu ya utumbo na kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Jirani wa ng'ambo ya ua akaja na dumu la mafuta ya taa, akisema mbwa wake humpaka hayo na kupe hukimbia wenyewe. Babu alimzuia getini. "Mwanangu, ngozi ya mbwa inaungua kama yako. Na atajilamba, ayanywe yote." Jirani hakubishana na mzee, ila alirudi kwake akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawataki dawa za bei nafuu.

Haikupita muda mrefu Simba akaanza kula. Kwanza alilamba supu, kisha akamaliza dagaa, halafu usiku mmoja tukamsikia akimbwekea bodaboda aliyepita barabarani, na watoto wakashangilia vitandani. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Babu alisema ni mwarobaini. Mume wangu alisema dawa ya hospitali ni dawa ya hospitali. Wifi alisema mgonjwa yeyote hupona kwa chakula na kwa kupendwa. Kila mmoja alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe alikuwa Simba, anayetikisa mkia mbele ya wote bila upendeleo. Kwa miezi kadhaa mabishano hayo yalikuwa mboga ya chakula chetu cha jioni. Nilipoleta hoja ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, jibu lilikuwa moja kutoka pande zote: mbwa anayekula hivi ana ugonjwa gani?

Ugonjwa alikuwa nao. Bakteria aliyemwangusha anaitwa Ehrlichia canis, na huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Anapoingia mwilini hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zilizowekwa kuwala maadui, na humo huzaliana. Tangu mbwa ang'atwe mpaka homa ije hupita kama siku 8 hadi 20. Kisha mbwa huwa na joto, matezi huvimba, hamu ya kula hukatika, chembe sahani za kugandisha damu hupungua. Hali hiyo hudumu kati ya wiki 2 na 4, halafu mbwa wengi huinuka wenyewe, wapewe dawa wasipewe. Amoksilini haimfikii bakteria aliyejifungia ndani ya chembe, na mwarobaini ni wa kuoshea ngozi. Simba aliinuka kwa sababu wakati wa kuinuka ulikuwa umefika, na watu watatu wa nyumba moja wakagawana sifa ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

Baada ya hapo huja kimya. Wapo mbwa ambao miili yao humshinda bakteria huyo moja kwa moja. Wengine hukaa naye miezi, hata miaka, amejibanza kwenye wengu, wakilinda, wakicheza, wakizaa. Ukimtazama kwa macho hutajua ni yupi. Ndani ya miezi hiyo ya kimya kupe nao walikuwa wanaongezeka nyumbani kwetu, na tulikuwa tunapigana nao mahali pasipo vita. Majani yalifyekwa mpaka udongo ukaonekana. Sakafu ilidekiwa kwa maji ya moto. Dada wa kazi aliwaokota barazani na kuwapasua kwa kucha, mpaka vidole vikawa vyekundu. Kesho yake walikuwapo wengine.

Basi siku ikafika ya wageni wa posa. Wifi alikuwa amepata mchumba, na upande wa kijana walileta taarifa kwamba Jumamosi watakuja na barua. Nyumba ikapinduliwa. Mapazia yalifuliwa, makochi yakavikwa vile vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono na marehemu mama mkwe, ambavyo hutoka kabatini kwa shughuli kubwa tu. Simba alifungwa nyuma ya nyumba ili asiwatishe wageni. Walishuka kwenye Noah: mshenga, wazee wawili na shangazi wa kijana. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za safari, mshenga alikaa kwenye kochi kubwa, barua ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa mkononi mwake.

Wifi aliingia na sinia la soda, akapiga magoti kumkaribisha mshenga, akainua macho, na hapo akaganda. Juu ya kitambaa cheupe, karibu kabisa na kola ya mgeni, alikuwa anatembea kupe aliyeshiba, wa rangi ya kijivu, mkubwa kama mbegu ya mnyonyo. Alikuwa ameshuka kwenye pazia. Mshenga alifuata macho ya binti, akageuka, akamwona. Chumba kizima kilikaa kimya. Yule mzee alichukua karatasi ya kufutia mikono, akamkamata taratibu, akamweka kwenye kisahani na kumfunika kwa kikombe. Kisha akamgeukia Babu na kuuliza kwa heshima yote: "Mzee mwenzangu, kabla sijalitoa neno lililotuleta, mbwa wenu ni mzima?"

"Mzima kabisa," Babu alijibu.

Simba alikuwa amebweka tangu gari lilipoingia, akivuta mnyororo kwa nguvu zake zote. Kwa kubweka huko akaanza kupiga chafya, na chafya zikaja na damu. Mtoto wetu wa kwanza aliingia sebuleni mbio, amesahau adabu zote tulizomfundisha tangu asubuhi. "Babu, Simba anatoka damu puani na haikomi!"

Namshukuru Mungu kwa aina ya wageni tuliojaliwa. Babu aliipokea barua kwa mikono miwili, kwa kuwa majibu ya posa hayatolewi siku ile ile, na mshenga akasema gari lake lipo. Mume wangu alimkanda Simba pua kwa kitambaa cha baridi, tukamlaza juu ya kanga kwenye Noah ya wakwe watarajiwa, na shangazi wa kijana akakaa pembeni amemshika miguu. Binti wa kuposwa alikuwa na damu ya mbwa kwenye gauni lake jipya. Hakuna aliyelitaja.

Daktari wa mifugo tuliyempata ni dada kijana aliyesomea hapa hapa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Alimwamkia Babu kwanza, ndipo akamwinua Simba mdomo. Ufizi uliokuwa wa waridi ulikuwa umepauka, na juu yake kulikuwa na vidoadoa vyekundu vidogo, kama vile ambavyo tuliviona pia tumboni penye manyoya machache. Alitueleza kuwa ni damu inayovuja chini ya ngozi kwa kukosa chembe sahani za kuziba. Alichukua damu, akaitandaza kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini, akadondosha nyingine kwenye kipimo cha haraka. Kipimo kikaonyesha kingamwili dhidi ya Ehrlichia. Hesabu ya damu ikaonyesha chembe sahani ziko chini sana, na chembe nyekundu nazo zimeanza kupungua.

"Mbona alipona?" Babu aliuliza.

"Alinyamaza tu, Babu. Ugonjwa ulibaki ndani."

Akaeleza hatua ya tatu, ile inayoua. Bakteria akikaa muda mrefu, uboho unaotengeneza damu huanza kushindwa kazi. Mbwa hukonda, hutoka damu puani au kwenye mkojo, hupata magonjwa mengine kwa sababu kinga imeisha, na uboho ukishakauka kabisa dawa nayo huwa imechelewa. Mbwa aina ya German Shepherd huathirika kupita wengine. Jeshi la Marekani lililijua hilo kwa uchungu katika vita vya Vietnam mwishoni mwa miaka ya 1960, pale mbwa wake wa kazi, wengi wao wa aina hiyo, walipokufa kwa mamia wakivuja damu. Na haikuwa kwamba ugonjwa haukujulikana: Donatien na Lestoquard walikuwa wamekwisha kumwona bakteria huyo mwaka 1935 huko Algeria, kwenye mbwa waliojaa kupe. Umekuwapo Afrika, umeandikwa Afrika, na mpaka leo mbwa wetu wanakufa nao vibarazani huku tukisema wamelogwa au wamekula sumu.

Nilimuuliza daktari kama mbwa wengi wa mjini wana ugonjwa huu. Alinijibu kwa uangalifu ambao nauheshimu. Kuna kipimo cha kingamwili, ambacho husema mbwa huyu amewahi kukutana na bakteria. Kuna kipimo cha vinasaba, ambacho husema bakteria yumo kwenye damu sasa hivi. Ukipima mbwa wale wale kwa njia hizo mbili, ya kwanza kwa kawaida huleta idadi kubwa zaidi. Kwa hiyo anayetangaza kiwango cha maambukizi bila kusema amepima nini, na mbwa gani, hajasema kitu kamili. Mbwa wa kuzurura huwa na maambukizi zaidi kuliko wanaopakwa dawa ya kupe mara kwa mara. Lililo hakika ni kwamba kupe huyu amefuata mbwa karibu kila nchi yenye joto duniani, na alipo kupe, bakteria hayuko mbali.

Tulirudi na doksisaiklini, ya kupewa kila siku kwa siku 28 mfululizo, kwa kipimo cha uzito, pamoja na chakula na maji ili kidonge kisikwame na kuchoma koo. Ndani ya siku chache tu Simba alikuwa anadai dagaa. Mume wangu akaanza kusema labda tuzipumzishe dawa, mbwa keshapona. Babu aligonga meza. "Mbwa anayekula alishatudanganya mara moja!" Alichukua kalenda ya ukutani ili aweke alama kila kidonge kinapomezwa, akaitoa kwenye msumari wake, na ukuta nyuma yake ukaanza kutembea.

Walikuwa kupe wachanga, wadogo kuliko punje ya ulezi, wa miguu sita, wamejazana kwenye ufa wa plasta uliopanda mpaka kwenye dari. Tuliondoa picha ya harusi, wakawapo. Tulishusha fimbo ya pazia, wakawapo. Babu alivuta kiti akakaa, akatazama juu kwa muda mrefu. Kupe wa ng'ombe anayemjua yeye husubiri kwenye nyasi, ndiyo maana malisho na josho vilikuwa ulimwengu wake. Kupe huyu wa mbwa amezoea maisha ya ndani. Jike akishashiba damu hudondoka na kupanda juu, hutafuta ufa, hutaga mayai hata 4,000, kisha hufa. Wachanga hushuka kumtafuta mbwa, hunyonya, hurudi ufani kubadilisha gamba, hushuka tena. Na hivyo mara mbili mpaka wawe wakubwa. Penye joto mzunguko wote waweza kwisha kwa miezi miwili hivi. Mkubwa asiyepata damu anaweza kuvumilia miezi mingi akingoja. Sisi tulikuwa tunadeki sakafu.

Kuna jambo la haki hapo ambalo daktari alisisitiza. Kupe anapoanguliwa huwa hana bakteria huyu. Mama hamrithishi kwenye yai. Humpata kwa kunyonya mbwa mgonjwa, akabadilisha gamba naye, akampa mbwa mwingine hatua inayofuata, na huweza kumwambukiza saa chache tu baada ya kung'ata. Kwa hiyo Simba asiyetibiwa, katika miezi yake ya kimya, ndiye alikuwa anawapa kupe wetu wapya ugonjwa. Na kuwachomoa jioni kwa vidole, hata ufanye kila siku, hakutoshi. Kunatakiwa dawa inayokaa mwilini mwa mbwa na kumuua kupe mapema.

Babu alilichukua jukumu hilo kama amerudishwa kazini. Nyufa zilizibwa kwa saruji, banda la Simba likavunjwa na kujengwa upya lisilo na mianya, matandiko yakachomwa. Kuta zilipulizwa dawa kwa bomba, kuanzia darini kushuka chini, watoto wakiwa kwa shangazi yao. Alitaka kuchanganya dawa ya josho kwa kichwa kama zamani. Daktari akamwandikia vipimo vya mbwa, akamuuliza kama kuna paka, maana baadhi ya dawa ambazo mbwa huzistahimili, kama permethrini, humuua paka. Paka tunaye. Akahamishiwa kwa watu wengine mpaka kuta zikakauka, na dawa ya ngozi ya Simba ikachaguliwa kwa kumfikiria yeye pia. Dada wa kazi akapewa kibano na chupa yenye spiriti, na katazo la kupasua kupe kwa kucha. Kupe huyu huyu hubeba rikesia zinazowapa watu homa ya kupe hapa Afrika, na huko Arizona nchini Marekani, tangu mwaka 2003, wameugua na wamekufa watu kwa homa kali ya vipele iliyoletwa na kupe wa mbwa wa nyumbani.

Wakati tunahangaika, mbwa wa jirani yetu alikufa. Alikuwa ameacha kula, akaanza tena, akakonda, na asubuhi moja akakutwa amelala kwenye damu iliyotoka puani. Hakupimwa, kwa hiyo sitasema aliuawa na nini. Jirani alikuja kwa Babu bila dumu safari hii, amevua kofia, kwa sababu alikuwa na mwingine aliyebaki. Babu hakumkumbusha lolote. Alimpa kiti, akamwomba waende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Walichomwomba ni kitu cha busara: kila watu wa mifugo wanapokuja kuchanja kichaa cha mbwa, mbwa wa mtaa mzima huletwa mahali pamoja, basi siku hiyo hiyo waogeshwe dawa ya kupe. Ugonjwa wa Simba hauna chanjo. Ukuta wa nyumba moja ukisafishwa na wa pili ukaachwa, ua wa michongoma hauwezi kumzuia kupe aliyepanda mgongoni mwa mbwa.

Siku hiyo ilifanyika. Babu alisimama na bomba lake, mbwa walikuja wakivutwa kwa kamba za katani na watoto wa mtaa, na mshenga alikuja na wa kwake kutoka upande wa pili wa mji. Posa ilishajibiwa, mahari inazungumzwa. Simba bado ni mwembamba kuliko zamani, lakini ufizi umerudisha rangi, na damu yake imepimwa tena baada ya dawa kwisha, chembe sahani zimepanda. Tuliwahi kabla uboho haujakauka. Mbwa wengi hawawahiwi, na wanakufa katika nyumba za watu wema wanaowapenda, baada ya miezi ya kuonekana wazima.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wenye mbwa. Kila juma mfunue masikio, makwapa na katikati ya vidole. Mwinue mdomo, ujue ufizi wake ukiwa mzima una rangi gani, ili siku ukipauka utambue. Akikataa chakula, mpeleke akapimwe damu. Na akianza kula kabla hujampeleka, mpeleke vilevile.